Kahawa Aliyoipanda Mzee Gaspari

Kashaulili, Mpanda
Jumapili asubuhi, mwishoni mwa Aprili

Mae mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na Tata naye nampigia magoti, kama mwana kwa baba, hukuhuku niliko. Kwanza niambie habari za mgongo wako. Uliandika kwamba ukiinama kupalilia huwezi kuinuka mpaka dada Koku akushike mkono. Bado unajichua kwa ile dawa, au umeiacha kwa sababu ya harufu yake? Na yule ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima. Homa ya Januari iliniachia sikio moja linalovuma, lakini Masanja, mpiga ngoma wetu, anasema ni haki yangu, kwani na mimi nimeyavumisha masikio ya watu wengi.

Kifurushi chako kimefika salama, pamoja na safari yake yote ya meli na treni mbili. Karani wa stesheni alinikabidhi huku akikinusa.

"Bwana Projestus, humu mna dawa?"

Nikamwambia ni kahawa ya kutafuna. Akaomba moja. Kabla hajaimaliza akaomba ya pili, eti ya mke wake, akaitia mdomoni palepale.

Mae, uliniuliza mambo mawili: natafuta nini Mpanda, na nitarudi lini. La kwanza nimelieleza katika barua tatu na bado hujaridhika, kwa hiyo safari hii sitalirudia. La pili sikuwa na jibu mpaka wiki iliyopita. Nimepata mkasa ambao nusura unirudishe nyumbani na gitaa langu mgongoni, kama Tata alivyotabiri siku ile naondoka. Nimelifungua daftari langu hapa mezani ili nikueleze kila jambo kwa mpangilio wake.

Kazi yangu ni ileile, muziki wa rock. Tuko wanne, tunapiga ukumbini hapa Kashaulili, na Jumapili mchana tunapiga bugi, yaani dansi ya vijana. Watu wazima wamezoea rumba. Gitaa langu likianza kukwaruza wanasema, "Haya, mashine ya kusaga imewashwa, leteni mahindi." Lakini hawaondoki. Wanasimama dirishani mpaka mwisho, na mimi hujiuliza wanasikia nini.

Kahawa ilianza yenyewe. Unajua sipigi bila punje mbili shavuni. Vijana wakaniuliza natafuna nini, wakaonja, wakataka zaidi, ndiyo maana nikakuomba vifurushi. Sasa kuna meza ndogo mlangoni mwa ukumbi, na mafungu yamepangwa juu ya jani la mgomba. Mwenye fungu la kahawa hucheza mpaka tuzime jenereta.

Sasa nisikilize. Jumapili moja ya Desemba, mvua ikiwa imeshakolea, alifika mlangoni Mzee Gaspari, mkulima wa Magamba, kumfuata binti yake aliyetoroka kuja kwenye bugi. Ni Mkonongo, mwenyeji wa huku, mrefu, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni. Alikuwa ameshika kofia mkononi, anaona aibu kuingia. Nikamwonea huruma. Nikachota kahawa, nikampa kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha kumpokea mgeni.

"Nini hii, kijana?"

"Kahawa ya kwetu, mzee. Karibu."

"Ya kwenu kabisa, Bukoba?"

"Mama yangu mwenyewe ameiandaa."

Alizihesabu kwa kidole, akazifunga kwenye pembe ya leso, akasema, "Mungu ambariki mama yako." Kisha akamshika binti yake mkono wakaondoka. Daftari langu la siku ile linasema hivi: "Mzee wa Magamba, nimempa kahawa. Hakutafuna. Kwa nini?"

Mae, swali hilo lilikaa pale wiki tisa. Laiti ningemfuata nikamwuliza.

Februari, tukiwa tunafunga nyaya kabla ya bugi, mzee aliingia na mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Hakunisalimu. Aliweka leso juu ya ngoma ya Masanja, akaifungua. Ndani mlikuwa na kahawa zako, nyeusi, zimeshikana na udongo.

"Mwenyekiti, mtu ndiye huyu. Amenipa mbegu zilizokufa."

Nilicheka, na hilo ndilo kosa langu la kweli. Nilidhani ni utani. Masanja akanikanyaga mguu.

Huku, Mae, mkulima akitaka kumheshimu mwenzake humpa mbegu. Hampi chakula. Humpa punje kavu, chache, kwa mikono miwili, na anayepewa hazitii mdomoni, huzifunga akazipande. Mzee Gaspari alikuwa ameng'oa karanga zake pembeni ya nyumba, akatengeneza matuta, akakata matawi ya kufunika jua. Alimwagilia hata siku za mvua, asije akaambiwa amezembea. Alikuwa amewatangazia majirani kwamba mama mmoja wa Bukoba amemletea kahawa. Sasa majirani walikuwa wanapita asubuhi kumwuliza kama kahawa imeiva.

"Lakini mzee," nikasema, "si uliwaona vijana wanatafuna?"

"Niliwaona! Nikasema vijana wa siku hizi, hata mbegu wanakula."

"Mzee, hizo zimechemshwa."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia huwa tunachemsha watoto.

"Zimechemshwa? Mbegu nzima nzima? Nyie watu wa Bukoba mna akili gani?" Akamgeukia mwenyekiti. "Muone. Kijana mzima, hana mke, hana shamba. Labda na yeye mama yake alimchemsha."

Ukumbi mzima ulicheka, Masanja akiwa wa kwanza. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alisema watu wa Magamba ndio wanaolisha mji, na hataki isemwe kwamba ukumbi wake umemfanya mzee kuwa kichekesho. Mpaka Mzee Gaspari mwenyewe arudi kusema ameridhika, gitaa lisilie. Na kama hataridhika hadi mvua ziishe, tutafute mji mwingine.

Nilielewa maana yake. Wenzangu watatu ni wa hapahapa, wangepata kazi. Mimi ningepanda treni.

Kesho yake nilikwenda Magamba kwa miguu. Mzee alinionyesha matuta. Nakwambia, Mae, sijaona matuta mazuri namna ile tangu ya kwako. Nilimwomba ruhusa ya kufukua punje moja. Nimeandika nilichokiona: baada ya wiki tisa za mvua, punje haikuoza, haikupasuka, na nilipoikata bado ilinukia majani ya mujaja. Pembeni palikuwa na kijiti ambacho mchwa wamekila chote, lakini kahawa hawakuigusa. Yale majani unayochemshia yana nini? Ni mujaja peke yake, au kuna jani lingine unalotia tukiwa tumetumwa kisimani?

Mzee naye aliinusa. Ilibidi nimshawishi sana, lakini mwishowe aliiosha, akaitafuna, akafumba jicho moja.

"Chungu."

"Subiri, mzee."

Akasubiri. "Hm," akasema. "Lakini mimi nilitaka mti."

Nikamwambia nitamtafutia mti.

Bwana shamba alinieleza kwamba Mwese, milimani magharibi, wako wahamiaji wenye kahawa hai. Mzee hakuniamini niende peke yangu. "Wewe utaniletea nyingine iliyokaangwa." Tukaenda wote. Gitaa sikuliacha ukumbini kwa kuogopa kufungiwa, nikalibeba mgongoni, na Masanja akatusindikiza hadi kwenye lori akiimba wimbo wa kanisani wa kuzikia.

Lori la mbao lilikwama njiani, tukatembea siku moja na nusu kwenye utelezi. Tulipopanda mlima nikaona migomba imezunguka nyumba kama kwetu, nikasimama. Mzee akauliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo.

Tulielekezwa kwa mjane anayeitwa Mama Veronika. Ana kahawa nyuma ya nyumba, punje zake ndefu kuliko zetu, na chini ya miti imejiotea miche mingi. Nilimwonjesha kahawa yako. Alitafuna taratibu, akacheka.

"Nailima miaka minane. Sijawahi kuitia mdomoni. Mimi najua kuichuma na kuikausha tu." Kisha akauliza, "Nyie mnaichemshaje?"

Mae, niliona haya. Nimeuza kahawa mji mzima na sijui inavyotengenezwa. Nilikumbuka chungu chako, moshi wake, na wewe ukitufukuza. Nikamwambia mama yangu anajua, nitamwandikia. Akasema basi atatupa miche, na malipo yake yawe maelezo hayo. Nimeahidi kwa jina lako.

Tulipokuwa tukipumzika, Mama Veronika na majirani zake waliniomba nipige. Nikawaeleza kwamba gitaa hili bila umeme halina sauti. Hawakunielewa, nikapiga hivyohivyo, sauti ikawa kama ya mbu. Mzee Gaspari alisogea, akainama, akaweka sikio lake juu ya mbao. Alikaa hivyo wimbo mzima, kofia mkononi.

"Kumbe humu ndani mna wimbo," akasema. "Kule ukumbini mnaufunika na nini?"

Nililiandika swali lake, na nikipiga tena nitapunguza sauti ya amplifaya kidogo. Masanja ameshaanza kulalamika.

Tulibeba miche thelathini, kila mmoja na udongo wake ndani ya jani la mgomba, yeye kikapu kimoja na mimi kingine. Njia nzima alikuwa akinisahihisha: usiitikise, usiiweke juani, usiiweke chini ya gitaa. Tuliipanda mwishoni mwa Machi, kwenye matuta yaleyale. Minne imekufa. Ishirini na sita imesimama, na Jumatano iliyopita tulikuta majani mapya, madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mzee aliwaita majirani mmoja mmoja kuja kuangalia. Aliwaonyesha kwa kidole tu.

Siku ya pili yake alivaa koti, tukaenda kwa mwenyekiti.

"Umeridhika, mzee?"

"Nusu."

Nikamgeukia mzee.

"Mche si mti," akasema. "Mche unaweza kufa mwakani. Huyu ndiye ana elimu ya kahawa, mimi najua karanga. Waache wapige mashine yao, lakini kijana asiondoke Mpanda mpaka nimechuma. Safu ya mwisho, ile ya karibu na choo, ni yake, ili naye akose usingizi kama mimi."

Mwenyekiti akanitazama. "Unakubali?"

Mae, ulinilea kwenye kahawa, huhitaji mimi nikueleze inachukua miaka mingapi kutoka mche hadi kuchuma. Najua ulitaka jibu fupi kuliko hilo. Nilikufikiria pale, na mgongo wako, kabla sijafungua mdomo, na nilikawia mpaka mzee akakohoa. Kisha nikasema nakubali. Likizo nitakuja, mzee ameruhusu wiki tatu wakati wa kiangazi, na ameniambia nikija nimletee habari za matuta yako yamekaa upande gani wa jua.

Leo mchana tunapiga, mara ya kwanza tangu Februari. Mzee amesema atakuja, na kwamba atakaa karibu na gitaa, si karibu na ngoma.

Kwa hiyo naomba uniandikie, au umtajie Koku aandike: unachuma kahawa ikiwa na rangi gani, maji kiasi gani, majani gani, moto wa muda gani, unaanika siku ngapi. Usiruke kitu kwa kudhani nakijua. Na nitumie mbegu za mujaja tuzioteshe huku. Mbichi, Mae. Andika juu ya kifurushi kwamba ni mbichi, maana mzee atauliza.

Nisalimie Koku, dada yangu, na umwambie mkono wake wa kukuinua ni mkono wangu pia. Msalimie bibi, mama yake Tata, mpeleleze kama anajua mapishi tofauti na yako. Wasalimie shangazi wa Kamachumu na mdogo wangu aliyeko seminari. Tata mwambie taratibu, akiwa ameshakula, kwamba mwanawe mwenye gitaa ana safu moja ya kahawa, miche mitano, yote hai, na kwamba leo jioni ataikagua.

Mimi mwanao, ninayekuwaza kila nikinusa mujaja,

Projestus