Mkono wa Jipsamu

Magomeni, Bagamoyo
Jumapili, baada ya Alasiri

Kaka Kibwana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wewe, wifi Mwaija na wanenu Ridhiwani na Adila mkiwa wazima, na kwamba kifua cha wifi kimepoa sasa moshi wa samaki umepungua. Shemeji yako Abdullatif anakusalimu. Bado anafunga dari za jipsamu kwenye nyumba mpya za Kiromo, na jioni anarudi mweupe kama aliyeanguka kwenye pipa la unga. Ningeweza kupiga simu, kaka, lakini kwenye simu ningesikia unavyonyamaza, nami ningekata kabla sijamaliza.

Kazi yangu ya kupamba maharusi unaijua. Siku hizi wateja wanataka kuliona ua la piko likiwa mkononi kabla ya kuchagua, picha ya simu haiwatoshi. Nikaona nitengeneze mikono ya kuweka mezani, mikono yangu mwenyewe, kwa ukubwa uleule, kisha niichore. Kwenye video walitumia unga laini wa madaktari wa meno: mkono unatumbukizwa, unachomolewa, halafu jipsamu inamiminwa kwenye shimo lililobaki. Unga huo sikuupata hapa. Jipsamu ilikuwepo, mfuko mzima uani.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita, Abdullatif akiwa msikitini, nilikoroga jipsamu kwenye beseni, nikajipaka mafuta ya nazi mpaka kwenye kiwiko, nikatumbukiza mkono wa kushoto. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nikiwatazama kuku. Ikakaza. Nilisikia uzito tu.

Abdullatif aliporudi alicheka kwanza, kisha akalishika beseni anisaidie. Akaliachia palepale.

"Sihaba, huungui?"

Nikamwambia siungui.

"Jipsamu nene hivi ikiganda inachemka kama sufuria. Huungui kweli?"

Alilipasua beseni, akaigonga jipsamu kwa patasi mpaka ikaachana vipande viwili. Mgongo wa mkono ulikuwa umeinuka malengelenge, mengine yamepasuka. Niliyatazama kama ninavyotazama samaki wa mtu mwingine kwenye mizani. Nikamuuliza kama tunaweza kupata beseni jingine la rangi ile.

Siku tatu alinisafisha kidonda asubuhi na jioni. Siku ya nne, nadhani alitaka kunifurahisha, aliviunganisha vile vipande, akavifunga kwa mpira, akapaka mafuta ndani, akamimina jipsamu mpya. Mkono ukatoka mzima: kucha, mikunjo, mpaka kovu la panga nililolipata kwenye shamba la nanasi kule Kiwangwa. Ila kidole cha pete na cha mwisho vilikuwa vimejikunja. Abdullatif akasema ameharibu, vipande vimesogea. Kisha akaunyanyua mkono wangu, akauweka kando ya ule mweupe. Vidole vilikuwa hivyohivyo. Akajaribu kuvinyoosha, havikunyooka. Akaniambia nivae tuende hospitali.

Daktari aliniambia nifumbe macho, niseme "hapo" kila anaponigusa kwa pamba. Nilingoja sana. Nilipofumbua alikuwa ameshamaliza.

Ni ukoma, kaka. Daktari alisema unatibika, dawa ni bure, miezi kumi na miwili, na kwamba nikishaanza kuzimeza siambukizi mtu. Vidole huenda visirudi. Nilimuuliza kama vidonge vinamezwa kabla ya kula au baada. Mpaka leo sijalia. Anayelia ni Abdullatif, akiwa anafua, akidhani simsikii.

Sasa niseme lililonifanya nikuandikie. Baka la ukoma alilolikuta daktari mkononi mwangu halikuanza Bagamoyo. Lilianza hapo kwenu Saadani, mwaka wa pili wa kukaa kwenu baada ya talaka yangu, kabla ya Abdullatif. Wifi aliliona juu ya kiwiko akaniuliza, nikamjibu kuwa niliungua kwenye kukausha samaki. Nilimdanganya. Siku moja kabla yake nilikuwa nimelichoma kwa sindano ya kushonea, nikaiona damu, nisisikie kitu. Nilikisia ni nini. Niliogopa mtanitoa, na sikuwa na pa kwenda. Nikalifunika kwa hina miezi kumi, na miezi yote hiyo nililala kitanda kimoja na Adila.

Daktari ametaka wote niliokaa nao wakaguliwe, na atakayeonekana mzima apewe dawa ya kinga. Abdullatif amekaguliwa, ni mzima. Wapeleke watoto na wifi kituo cha afya, nawe ukaguliwe, na ulitaje neno lenyewe, ukoma, msirudishwe na dawa ya fangasi. Anza na Adila. Mtazame mgongoni na mapajani, kila palipofifia. Ukinikasirikia, na una haki, nikasirikie mkishatoka huko.

Wifi msomee barua hii, usimfiche kama nilivyomficha mimi. Majirani wasalimie bila maelezo. Sitauliza kama nije Idi, mtaniambia nyie. Allah awahifadhi nyote, na amhifadhi zaidi aliye mdogo.

Mimi mdogo wako,
Sihaba