Ukimya Tulioukata

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia na unalala bila kugeukageuka. Mimi ni mzima, ila kazi imenikamata shingoni. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa mzaha, na nina ombi zito kuhusu zile simulizi ulizoturekodia. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Kampuni yetu inatengeneza programu ya simu pamoja na watafiti wa chuo kikuu. Mtu anasimulia siku yake, programu inasikiliza kama kumbukumbu zake zimeanza kuchoka. Sisi tunataka haraka, wao wanataka hakika, basi vikao vikawa vya paka na panya. Meneja wetu alimbandika mtafiti mkuu jina la Bi Polepole. Mtafiti mwenyewe alipojua alicheka, akaanza kulitumia kwenye barua pepe zake.

Siku moja akaja ofisini, kompyuta kifuani, akauliza kwa upole nani amewafundisha watu wote kwenye rekodi zetu kuongea kama watangazaji wa mpira. Tukazifungua faili tulizomtumia. Kumbe sisi, ili faili ziwe nyepesi kutumwa chuoni, tulikuwa tunakata kila sehemu yenye ukimya, na yeye alikuwa anatafiti ukimya huohuo, pale mtu anaposimama kutafuta neno. Tulimpelekea maganda, tukabaki na tunda! Meneja alitaka tuzindue hivyohivyo. Nikamwambia labda apite juu yangu. Rekodi nzima zilikuwa bado kwenye hifadhi yetu, nikazituma upya zote. Sasa programu inafanya kazi, Baba, na ninajivunia bila haya.

Ila rekodi zako nazo zimo humo. Bi Polepole aliniita pembeni akaniambia vituo vyako vya kutafuta neno vimekuwa virefu kuliko ulipoanza kurekodi. Alisisitiza kwamba hiyo si hukumu, ni sababu ya kumwona daktari kabla maji hayajamwagika. Nilimbishia. Kisha nikasikiliza mwenyewe. Katika simulizi ya mwisho ulilitafuta jina la Mama, ukalikosa, ukasema “yule mwenzangu,” ukacheka, ukaendelea. Nililia palepale mezani, watu wakiniona.

Nilipomuuliza Mama, alisema siku hizi anakumalizia sentensi, na wewe unajifanya unamtania. Kwa hiyo tunajua, na nadhani wewe ulijua kabla yetu. Naogopa, lakini sijakata tamaa hata kidogo. Nimeshaongea na daktari anayefanya kazi na watafiti wetu. Jumatatu asubuhi nakuja kukuchukua, na ombi langu ni hilo tu: uje nami, bila visingizio vya mgongo.

Njiani tutapiga soga kama kawaida. Ukikwama kwenye neno, usilikwepe kwa kicheko. Nyamaza tu, Baba, mimi nitakusubiri.

Mpe Mama salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi bintiyo,
kitindamimba wako mbishi