Salamu za Mama Yako

Virginia, 3 Machi 1854

Mwanangu Lemuel,

Hujambo huko Ohio ulikokwenda kutafuta kazi? Mimi mzima, ila goti. Kaburi la mama yako nimelipalilia, na ule ua wa mawe uliojenga kulizunguka kabla hujaondoka bado umesimama.

Bwana Harwell amenishtaki kwa deni la nyumbu. Nilililipa lote mbele ya Ndugu Elam, huyu anayeniandikia, na wazee wawili wa kanisa. Lakini wote weusi, na mahakama haisikii mweusi akimpinga mzungu. Sasa wanaandika mali zangu zikamatwe, nawe umo, kwa kuwa kisheria wewe ni mtumwa wangu. Nilipokununua kwa bwana wako sikukuandikia uhuru, maana sheria ingekufukuza jimboni, nami nilitaka nikuone kila siku. Nilidhani nimekuficha mfukoni mwangu. Kumbe mfuko nao hupekuliwa.

Ukikanyaga hapa utauzwa. Kaa huko.

Baba yako, Isom


Ohio, 11 Aprili

Baba, shikamoo.

Goti likandwe kwa maji moto, usijifanye kijana. Mimi sijambo, natengeneza mapipa.

Kukaa siwezi. Babu aling'oa visiki vya shamba letu kwa mikono yake. Nakusanya pesa, Juni nakuja, hata ukinikataza.

Mwanao, Lemuel


Virginia, 9 Mei

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Ndugu Elam ana shughuli, leo ananiandikia karani wa Bwana Harwell. Bwana amenihurumia, deni amelisamehe. Rudi upesi, hakuna hatari tena.

Mama yako anakusalimu sana. Haumwi tena. Anasema ukija atakupa nafasi ulale kando yake.

Baba yako, Isom


Ohio, 2 Juni

Baba, shikamoo.

Mzigo nilikuwa nimeshaufunga. Nilipofika kwenye salamu za mama nikakaa chini, nikalia.

Mwambie nampenda, ila kulala kando yake bado. Kazi huku ni nyingi. Msinisubiri.

Mwanao, Lemuel


Virginia, 20 Agosti

Mwanangu,

Anayeniandikia leo ni Ndugu Elam tena. Nakushukuru kwa kuwa mzito wa kuja.

Barua yako alinisomea karani. Akasema, "Mtoto gani huyu, hata mama yake hamtaki?" Nikamwambia ndivyo alivyo, mvivu tangu utoto. Nikainama kufunga kiatu, asinione uso.

Shamba limekwenda. Wanasema halikutosha, kwa hiyo nami nimekodishwa kwa Harwell mpaka deni liishe, nalima ardhi iliyokuwa yangu mwenyewe. Ng'ombe wake wameangusha ule ua wa mawe. Nikifika pale kaburini nalipitisha kando jembe la kukokotwa, msimamizi ananifokea kwamba napoteza ardhi. Ameniamuru Jumatatu ijayo nipite katikati.

Usije. Usiandike tena, barua zako zinafunguliwa hapa.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako, Isom