Ukuta wa Tumbo la Mama

4 Februari

Daktari wangu,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti linanitesa, nikiinama kufagia ni kilio. Niandikie dawa. Nesi wa zahanati aliniambia nikapimwe kwanza, nikamjibu ninaye daktari niliyemzaa mwenyewe. Akafyata ulimi, maskini!

Mama yako

13 Februari

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, kazi tu zimenibana. Pole na goti. Meza zile dawa za maumivu za dukani, asubuhi na jioni, mpaka liache.

Mwanao

29 Aprili

Daktari wangu,

Marahaba. U mzima? Goti limetulia, Mungu akuzidishie. Sasa ni tumbo, linachoma kama nimemeza kaa la moto, na choo kimekuwa cheusi tititi. Nesi anataka nilazwe. Nimemwambia nangoja jibu lako. Dawa nameza bado, kama ulivyosema.

Mama yako

6 Mei

Shikamoo Mama,

Unaendeleaje? Jana kwenye simu nilikuambia tu uache dawa na ukimbie hospitali, nikakata kabla hujaniuliza kwa nini. Niliona aibu.

Mimi si daktari. Nilifeli mwaka wa pili, chuo kikanitoa. Naosha vioo maabara, vile vinavyowekewa vipande vya nyama za wagonjwa. Barua yako ilinikuta kazini. Nikamuuliza fundi wa maabara, nikijifanya ni habari za mtu baki. Akaniwekea kipande cha tumbo kwenye hadubini. Utando wa ndani umejaa vishimo vidogo. Seli huzaliwa shingoni mwa vishimo hivyo. Chache hushuka chini zikakaa miezi, nyingi hupanda juu, zikalikinga tumbo lisiliwe na asidi yake lenyewe. Baada ya siku chache zinabanduka, na nyingine zimeshapanda kushika nafasi.

"Lakini ukimeza dawa za maumivu kila siku," akasema, "kinga inapungua, asidi inachimba kidonda. Nani alimwandikia huyo mama?"

Nilirudi kwenye sinki nikaosha vioo ambavyo tayari vilikuwa safi. Nisamehe, Mama. Kufeli ningekuja kukueleza siku moja, lakini kwa vidonge vile sina la kujitetea.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo kidogo. Waliniingiza mpira wenye kamera wakakiona kidonda, wakaniongeza damu chupa mbili. Wanasema kitaziba. Nimekukasirikia, sikufichi.

Ila na mimi nina langu. Ile barua yako ya Februari nilimsomea kila aliyelalamikia mgongo, nikijiona mzazi wa daktari. Fundi cherehani akaanza kumeza. Jirani wa uani akaanza. Na mama yako mdogo, kwa ajili ya kiuno chake. Nilitoka hospitali tarehe kumi na mbili, na wiki mbili nzima sikumwambia mtu. Nilijidai nakusitiri wewe. Uongo, nilikuwa najisitiri mimi.

Leo asubuhi nimejikaza, nikapita nyumba kwa nyumba: "Mwanangu si daktari. Acheni zile dawa." Fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini. Jirani alinishika mkono, nikalia.

Kwa mdogo wangu nimekuta mlango umefungwa. Majirani zake wanasema alitapika damu jana, watu wa nyumbani kwake wakambeba kwenda hospitali, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Nimekaa kizingitini kwake naandika. Watakaporudi, kwa heri au kwa shari, wanikute hapa.

Mama yako