Kilo Nne za Ukarimu

KITUO CHA POLISI, DAHAB, SINAI KUSINI
Maelezo ya shahidi katika shauri la kujeruhiwa kwa Hajji Medhat Radwan

Jina: Wagdi Bishara Hanna. Umri: miaka 52. Kazi: mwalimu wa historia na mwandishi wa makala magazetini. Makazi: Mansura, nipo Dahab kwa mapumziko. Uzito sikuulizwa, lakini kwa kuwa kila mtu mjini humu ana maoni juu yake, iandikwe kilo 148.

Nimeelezwa kwamba Daktari Inas Lotfi, mwalimu wangu wa kuzamia, ambaye zamani alikuwa mfamasia Aleksandria, yuko mahabusu kwa madai ya kumvunja jino Hajji Medhat, mwenye duka la vifaa vya kuzamia. Akitiwa hatiani, leseni yake ya kufundisha kuzamia imekwenda. Nimekuja mwenyewe, bila kuitwa.

Mnamo tarehe 9 Mei, saa tatu asubuhi, nilifika dukani kutafuta jaketi la hewa linalonitosha na risasi za kuniteremsha. Risasi hizi si za bunduki. Ni vipande vizito vya madini anavyobeba mzamiaji ili asielee. Hajji alinitazama toka utosini hadi miguuni, akasema mwili huu hauzami bila kilo ishirini. Mpishi wa mkahawa wa jirani akasema sihitaji hata moja, nitakwenda chini kama jokofu. Wote walikosea kwa sababu ileile: walipima kwa macho. Nchi hii imeangamizwa na watu wanaopima kwa macho. (Afisa ameniomba nirudi kwenye shauri.)

Daktari Inas alinipima kwa maji. Jaketi la kwanza lilinibana mbavu hata kabla ya kujazwa hewa, akalikataa, akachukua lenye mikanda mirefu ya ubavuni. Tukaingia mpaka maji yakanifika shingoni, akatoa hewa yote jaketini mwangu, akaniambia nivute pumzi ya kawaida na nitulie. Nikaelea, kifua juu ya maji. Nikamwambia aongeze risasi.

Akasema, "Ustadhi, hapo si mafuta yanayoelea, ni hofu. Umejaza mapafu kama mtu anayekwenda kugombana na wizara."

Nikagombana naye kidogo, kisha nikapumua. Kwa kilo kumi na nne maji yalisimama usawa wa macho yangu. Nilipotoa pumzi nikashuka taratibu hadi mchangani. Afisa, tangu ujana wangu sijaketi mahali pasipolalamika.

Tulitoka kunywa chai kabla ya kuzamia kwenyewe. Hajji akaja na vipande viwili vya kilo mbili mbili. Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa mara ya tatu, nimeweka mkono kifuani. Hilo ndilo kosa langu. Mkono kifuani ndivyo tunavyokataa sahani ya tatu ya wali, na hakuna mwenyeji Misri nzima aliyewahi kuuamini. Nilipoinama kuvaa mapezi, alivitumbukiza vyote viwili mfukoni nyuma ya jaketi langu. Sikuhisi. Kwa mwili wangu kilo nne ni nzi.

Saa tano kasoro robo tulishuka kando ya boya. Nilikwenda chini kama kabati, nikakaa kwa kishindo mchangani, mita tatu. Nikajaza hewa jaketini. Likapanda kwapani, mimi nikabaki. Daktari Inas akanipapasa mgongoni, akavikuta vipande, akavitoa, akanionyesha kwa mkono nisiguse kitufe cha hewa. Nikakibonyeza. Nikapaa, nikitoa pumzi njia nzima kama alivyonifundisha.

Juu, Hajji Medhat alikuwa ameng'ang'ania boya, kanzu imetanda majini, kipande cha tatu mkononi. Alikuwa ameona mapovu mengi, akaamini nimeshindwa kuzama. Utosi wangu ulikutana na kidevu chake.

Mtu aliyevunjika jino angelaani. Yeye alitema damu, akasema, "Umeona, Ustadhi? Nilikwambia ishirini."

Wakati huo Daktari Inas bado alikuwa chini ya maji. Alipoibuka na kumwona, alicheka. Alicheka sana, na watu wa mkahawa wakacheka naye. Hilo ndilo analoshitakiwa. Hajji alihitaji wa kumlaumu, na mwenyeji hamshitaki mgeni wake.

Jino nimelivunja mimi. Kama sheria inamtaka mtu, inichukue, ila mlango wa mahabusu nimeupita nikauona. Itabidi niingie kwa ubavu.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimesahihisha nukta mbili za afisa, na natia sahihi yangu.

(Sahihi) W. Bishara

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama yalivyosemwa, isipokuwa sehemu kuhusu wizara nne. Mlalamikaji ameitwa na kusomewa mbele ya shahidi. Ameulizwa kama anataka shahidi ashitakiwe badala ya mtuhumiwa. Amejibu kwamba kati ya jino na mgeni, jino limeshatoka. Amefuta malalamiko yake. Inas Lotfi ameachiwa saa kumi na moja jioni.

Sajini Hamdi Sharqawi