Sauti Nyuma ya Trei za Mayai

Alhamisi, 12 Juni 2025, Mikumi

Hili sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa tatu huu niko kwaya na sijatoa sauti hata mstari mmoja. Nafungua mdomo tu! Nasimama nyuma ya dada Anastazia, sauti yake inatosha watu wawili, hakuna anayegundua. Na mwalimu wa kwaya ni baba yangu mzazi. Mwezi uliopita kasimamisha mazoezi, kasema tazameni Regina anavyofungua mdomo, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilitaka kufa.

Siyo kwamba siwezi. Nadhani naweza. Ila nikitazamwa tu, koo linakaba. Hata Miss wa English akinisimamisha nisome, herufi zinakimbia.

Solo ya Sikukuu ya Mavuno baba kampa Anitha. Wimbo kautunga baba mwenyewe. Naujua wote, mpaka pale pa kupumua. Naitaka ile solo. Basi, nimeandika.

Likizo niko kwa dada Vaileth, mtoto wa mama mkubwa. Yuko mapokezi kwenye lodge hapa barabarani. Nyuma kuna vyumba vya karaoke – watu wanakodi kwa saa, wanajifungia na marafiki zao wanaimba. Ukutani wamegongelea trei za mayai ili sauti isitoke. Dada anasema hata ukipiga yowe humo hakuna atakayekuja. Mchana havina wateja.

Hakuna atakayesikia...

Ijumaa, 13 Juni

Nimeingia! Namba tatu. Dada kanipa ufunguo, kasema nisiguse friji na wateja wakianza niwe nimetoka.

Nilikaa muda mrefu na mic imezimwa. Halafu nikaiwasha. Wimbo wa mapenzi wa Kiingereza, maneno yanapita kwenye skrini. My voice is big. Naandika kwa Kiingereza kwa sababu kwa Kiswahili naona aibu. Haya: sauti yangu ni kubwa.

Jumamosi, 14 Juni

Mwandiko mbaya, naandika nimesimama.

Mchana wa leo barabara imejaa. Malori ya Zambia yamepaki, kila baa imefungulia muziki wake, nyani wanagombania mifupa jalalani. Mimi namba tatu. Katikati ya wimbo – umeme ukakatika. Skrini nyeusi, mic imekufa, giza tupu. Nikafikiria kutoka. Nikabaki. Maneno ya kusoma hakuna, nikaimba ninachokijua: solo ya baba. Yote. Ubeti wa tatu ule unaopanda, nikaupanda! Sikubakiza kitu.

Nilichosahau: umeme ulikatika kwa wote. Baa zote kimya. Na trei za mayai ziko ukutani tu, juu ni bati tupu!

Nafungua mlango, ua umejaa watu wamesimama. Madereva, mama wa chipsi, Lupakisyo mchoma nyama na koleo lake mkononi. Nikarudi nyuma hatua. Dereva mmoja mzee alikuwa amevua kofia, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, kwani umemaliza?"

Nikamwambia shikamoo. Sikuwa na lingine! Wakacheka wote, mzee kaitikia marahaba, na Lupakisyo kapaza sauti jenereta isiwashwe kwanza. Nikaimba ubeti wa tatu tena. Juani. Wananitazama. Koo halikukaba!!

Dada Vaileth alikuwa analia na kunigombeza kwa pamoja, eti nimemficha miaka yote hii.

Kitu kimoja: Lupakisyo alirekodi na simu. Nilipokuwa bado ndani. Kanionyesha – mlango wa namba tatu tu, na sauti.

Jumatano, 18 Juni, Kilosa

Nimerudi nyumbani. Klipu imenitangulia! Iko kwenye grupu la kwaya, imeandikwa Mikumi, sijui imepitia kwa nani.

Baba kaisikiliza mezani, ugali ukapoa. Kaanza kwa kusema wimbo wake umefika mpaka baa za Mikumi, lazima kuna kwaya ya huko imeuchukua. Nikaacha kutafuna. Kairudisha mwanzo. Kisha kasema, siyo kwetu, kama anaongea na simu:

"Huyu binti ndiye niliyekuwa namsikia nilipokuwa natunga."

Hakunitambua. Atanitambuaje? Hajawahi kunisikia!

Mama alinitazama. Muda mrefu. Akaniongezea mboga.

Alhamisi, 19 Juni

Mazoezi. Anitha kasema mbele ya wote huyo wa Mikumi aletwe, yeye ile sauti ya juu inamtesa tangu siku ya kwanza, anaimba tu kwa kumheshimu mwalimu. Baba kasema atatafutwa, hata kwenda kumchukua ataenda mwenyewe. Kaka Bonifas wa besi akatania, mchungaji atasemaje, solo imetoka baa. Baba kamjibu na hiyo besi yake kila mtu anajua imekomalia kilabu gani. Kanisa zima kicheko.

Wimbo ulipoanza nilitoa sauti. Kidogo. Dada Anastazia kageuka nyuma, macho kayatoa. Nikamkonyeza – mimi!

Ijumaa, 20 Juni

Haraka haraka. Baba yuko jikoni, nasikia. Kamwambia mama, kwani Regina si alikuwa Mikumi? Si atakuwa anamjua huyo dada?

Mama kajibu, "Kamuulize mwenyewe." Na anacheka. Anajua! Mama anajua!

Ndala za baba koridoni. Amefungulia klipu, anatembea nayo. Sauti yangu inakuja koridoni na ndala za baba.

Siku zote saa hizi daftari huwa limeshaingia chini ya godoro. Leo liko hapa mezani, wazi. Silifichi.

Hodi. Yuko mlangoni. Klipu inakaribia ubeti wa tatu, napajua pale pa kupumua. Nasimama. Navuta pumzi, na –