Hidaya Alikogeshwa Kila Ijumaa

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, Mtoni kote matope, na mimi nimepata kisingizio cha kutotoka. Chai nimekunywa vikombe vitatu.

Kazi yangu mnaijua. Nazunguka vijijini kuangalia ng'ombe wa watu, na watu huniita bwana mifugo ingawa ni mwanamke. Jumanne, kule Chwaka, alikufa ng'ombe wa Bi Kazija, mjane aliyenunuliwa ng'ombe huyo na binti yake anayefanya kazi hotelini Kendwa. Alikuwa chotara wa maziwa, jina lake Hidaya. Ameacha ndama jike.

Kilichomuua ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Nilivuta maji kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio, nikayaangalia kwa darubini, na vijidudu vilikuwemo, vimejazana ndani ya chembe nyeupe za damu. Kila kimoja ni seli moja tu, hakina mdomo wala mguu. Kupe hazaliwi nacho. Anakinyonya kwa ng'ombe mmoja akiwa bado mdogo, anaanguka majanini, anajivua ngozi, kisha anapanda ng'ombe mwingine na kumtemea pamoja na mate. Huko kinaingia ndani ya zile chembe nyeupe, askari walewale waliotakiwa kukimaliza, kinawafanya wazaane, na wakizaana nacho kinazaana. Mwisho kinahamia kwenye chembe nyekundu na kumsubiri kupe mwingine.

Kuukata mzunguko huo si kazi kubwa. Unamuogesha ng'ombe.

Na hapo ndipo penye dhambi yangu.

Kwetu sisi wa mifugo, kuogesha ni kumpiga ng'ombe dawa ya kupe kwa pampu, ndani ya masikio, mapajani, chini ya mkia. Tumelizoea neno mpaka tumesahau kwamba watu wengine wanalo kwa kazi nyingine. Miezi mitatu nyuma nilisimama bandani kwa Bi Kazija, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikamwambia amuogeshe Hidaya kila wiki, asikose. Akaitikia, "Inshaallah." Dawa sikuitaja. Niliahidi kurudi baada ya wiki mbili, sikurudi.

Jumatano nilijaza fomu ya kifo. Penye sababu nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: mfugaji hakufuata ushauri wa kuogesha.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta anapanda kutoka pwani, anamvuta yule ndama, ameroa chepechepe. Nikamwamkia, akaniitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akaanza mwenyewe bila kuulizwa.

"Nnatoka kumkogesha huyu. Na mama yake nlimkogesha kila Ijumaa, kama ulivonambia. Maji ya bahari, sabuni ya mche, nnamsugua kwa makumbi ya nazi mpaka anang'ara. Sikukosa hata Ijumaa moja."

Uso uliniwaka moto.

"Au nlimsugua sana?" akaniuliza. "Pengine nlimtia baridi?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningesema kosa ni langu, yakaisha. Badala yake nikasema, "Siku yake ilikuwa imefika, bibi. Ndiyo kadari ya Mungu."

Nimemsingizia Mungu.

Bi Kazija akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema huyu ndama atamkogesha mara mbili kwa wiki, lakini taratibu, asije akamuumiza kama mama yake. Mimi nilikuwa nampapasa ndama kichwani, nisiwe na haja ya kumtazama mtu. Vidole vikagusa kupe ndani ya sikio, watatu, wamejikamata kama vile bahari hawajaiona. Kuwaonyesha kungetaka maelezo, na maelezo yangenifikisha kwenye lile neno. Nikaliacha sikio. Nikaaga.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kuliko hata ile fomu.

Kupe mwenye kijidudu hamwambukizi ng'ombe papo hapo anapouma. Siku kadhaa hupita kwanza, kijidudu kikikomaa ndani ya mate yake. Leo kutwa nimezihesabu siku hizo kwa vidole, kana kwamba zitanisubiri mimi mpaka mvua iishe na aibu ipungue.

Pampu na dawa nimeshaviweka mlangoni. Fomu nitaiandika upya Jumatatu, na penye sababu nitajiandika mimi. Hilo ni jepesi, karatasi haina macho.

Zito ni la kesho asubuhi. Nimejaribu maneno mbele ya kioo na kila nikianza najisikia nasema, "Unajua bibi, neno hili lina maana mbili," utadhani nimekwenda kumsomesha tena. Sitaki kuanza hivyo. Nataka nikifika, kabla hata ya kutua mkoba, nimwambie lile aliloniuliza:

Bi Kazija, hukumsugua sana.